Chupa ya Chai ya Mzee Maganga

Picha ile mmeiona wote. Anna kafumba macho, kichwa kakitupa nyuma, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana, na pembeni yake mama mmoja mnene kakumbatia chupa ya chai ya bluu, kaing'ang'ania utadhani kuna mtu anataka kumpora. Tangu niitume kwenye grupu letu simu yangu haipumziki. Walioko Dodoma wanauliza, walioko Mwanza wanauliza, hata Suzi ambaye huwaga hajibu salamu ya mtu kauliza. Yule mama ni nani? Anna anachekea nini wakati baba yake ndo kwanza kafariki?

Basi tulieni niwaeleze mara moja, maana nimechoka kurekodi sauti mojamoja. Ila mnanijua, mie nikisimulia safari nasimulia yote. Asiyetaka habari za supu ya Chanika aruke mwenyewe.

Kurasini hadi Chamazi

Tulikubaliana kuondoka alfajiri, tumtoe Anna kidogo kilimani. Mie nilikuwa nje ya geti letu Kurasini kabla jua halijatoka, kapu la machungwa mkononi, malori ya makontena yananipita na kuniachia moshi, na Fatma haonekani. Fatma ni yule yule tuliyesoma naye, wa familia ya Waarabu wenye duka Tandika tangu enzi za babu yao. Alipotokea jua lilikuwa limeshaanza kuuma, na hakuja na gari ya kaka yake kama alivyoahidi. Alikuja na kirikuu ya duka, kale kagari kadogo ka mizigo, nyuma kumejaa katoni za sabuni. Baba yake alikubali kutoa gari kwa sharti moja, kwamba gari ya duka haitembei tupu. Kwa hiyo sie watu wa kwenda kupumzika kilimani tulikuwa tunapeleka sabuni kwa mteja wa Chanika.

Nilinuna na sikuficha. Kiti cha mbele kilikuwa kimeshachukuliwa na Joseph, Mchaga wetu wa Mbezi Beach anayefanya kazi benki, ambaye siku hiyo alivaa raba nyeupe pee kwa ajili ya kupanda mlima. Akaniambia kwa upole kwamba nyuma wameweka godoro. Nikapanda huku nasonya.

Lakini lazima niseme ukweli, nilipojilaza hasira ikaisha yenyewe. Ukilala chali juu ya godoro, juu ya sabuni, Dar inakuwa mji mwingine. Foleni huioni. Unaona nyaya za umeme zikikufuata, vichwa vya minazi, ghorofa ya juu ya nyumba isiyokwisha ambako mtu kaanika shuka moja tu, kisha mbingu, kisha nyaya tena. Sauti zinakuja bila wenyewe: konda anaita abiria, singeli inatoka mahali na kubaki nyuma, mtoto analia na kunyamaza. Harufu ya sabuni ilinirudisha kwenye zile Jumapili jioni za kufua nguo za shule. Nikasinzia, na nilipofumbua macho tulikuwa tumesimama nje kwa akina Anna, Chamazi.

Mama Anna alikuja upande wangu kabla binti yake hajatoka. Nikamwamkia, akaitikia, akaniinamia pembeni ya gari na kuanza kunong'ona.

Nyie mliokuja msibani mlimwona Anna alivyokuwa, kasimama wima, anagawa maji, anaelekeza watu viti. Mama yake aliniambia hajabadilika tangu siku ile. Hajalia, na jina la baba yake halitaji. Mnamkumbuka Mzee Maganga, mwalimu wa hesabu, Mnyamwezi wa Tabora aliyetutetemesha wote, ila kwenye chai alikuwa mtoto mdogo. Kila asubuhi akimiminiwa kikombe, anaonja, anakirudisha na kusema, "Chai haina tangawizi." Hata umwekee tangawizi ya soko zima. Anna, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyekuwa anampikia, na ndiye aliyeambiwa maneno hayo asubuhi zote za maisha yake.

Sasa, tangu mazishi, kila asubuhi Anna alikuwa anapika chai ile ile, anajaza chupa ya baba yake, anatembea nayo chumba hadi chumba, na hammiminii mtu. Jioni anaenda kuimwaga kwenye mpapai. Na Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa arobaini. Mzee mwenyewe, akiwa kitandani, aliomba Anna ndiye asimame kusema neno la familia, na Anna alikuwa amemwambia mama yake kwamba hana neno, atafutwe mtu mwingine.

"Zawadi," mama akaniambia, "nirudishie mwanangu akiwa na sauti."

Nikasema sawa mama. Anna akatoka na chupa ya bluu kifuani, akapanda nyuma, akalala pembeni yangu, chupa katikati yetu.

Chamazi hadi Chanika

Tulipita njia ya Mbande na Msongola. Kuna mahali lami inakwisha na mji haujui kama umeisha au bado unaendelea. Kuta za viwanja zimeandikwa hapauzwi kwa rangi nyekundu, kisha mikorosho, kisha duka moja la vocha, kisha mikorosho tena. Vumbi lilikuwa linapanda taratibu na kutua juu yetu, laini, na kwa sababu gari lilikuwa linayumba nilijiona niko kwenye machela ya kubembea. Nilijifunika kanga mpaka kidevuni, Anna naye kajifunika ya kwake. Nikampigia stori za ofisini, za bosi wangu anayeficha sukari kwenye droo. Alikuwa anasikiliza, ila kwa mbali. Gari likidunda, anaishika chupa, mie hanishiki.

Chanika tulimkuta mteja wa Fatma dukani kwake, na hapo ndo ikatokea ishu. Bwana yule aliona kirikuu inaingia, nyuma kuna godoro, na juu ya godoro wanawake wawili wamelala chali wamefunikwa kanga, wamejaa vumbi, wametulia tuli. Hakusubiri salamu. Akamwita mkewe, mkewe akaita majirani, na mie nafumbua macho naona duara la watu wameshika vichwa, mama mmoja keshaanza kusoma dua. Nilipoinuka kukaa, wawili walirudi nyuma.

Fatma alieleza kwamba ni wazima, wanakwenda matembezi. Hakuna aliyemwamini. Mke wa mteja alimtazama Anna usoni kwa muda mrefu, akasema mwenzake labda mzima, lakini huyu anaumwa kweli. Na hakuna hata mmoja wetu aliyembishia.

Basi tukakalishwa kwenye mkeka. Ikaletwa supu ya kongoro, nzito, imekamuliwa ndimu, na chapati za moto za kuchana kwa vidole. Yule mama alikaa mbele ya Anna kama anamlisha mgonjwa, kila bakuli likipungua anajaza. Akamuomba chupa ya chai aichukue jikoni isije ikapigwa teke, Anna akaivuta nyuma ya mgongo wake. Sabuni zilishushwa, zikahesabiwa, zikahesabiwa upya kwa sababu mteja alikuwa anaongea na Joseph habari za mikopo, na asubuhi yetu yote ikaishia pale. Nisingekuwa nimeshiba ningegomba.

Kilimani

Kilima chenyewe kiko upande wa Kisarawe. Mkitaka jina mtaniuliza faragha, maana nyie mkijua mtaenda na spika. Gari tuliiacha kwenye kituo cha mafuta ambacho hakijawahi kufunguliwa, tukaingia msituni kwa mguu.

Mie kupanda sipendi na sijawahi kupenda. Ila kule ndani kuna ubaridi ambao Dar hatuna kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha huko usiku na miti ilikuwa bado inadondosha maji yake polepole, ukisimama unasikia tone moja, unangoja, linakuja jingine. Mwanga ulikuwa wa kijani. Kima walikuwa wanahama juu yetu bila kelele, tawi linainama na kurudi, basi. Udongo mwekundu ulikuwa unapanda kwenye raba za Joseph hatua kwa hatua, na alipogundua haziwezi kuokolewa tena akaacha kukanyaga kwa uangalifu, akaanza kutembea vizuri.

Juu kabisa kuna uwazi wenye nyasi. Ukiangalia mbali unaona mji wote wa Dar umelala, rangi ya bluu iliyofifia, na baada ya mji ukanda mwembamba ambao inabidi uamini ni bahari. Nikafikiria kwamba mahali fulani mle ndani kuna geti letu na malori yanapita, na sikuona umuhimu wake. Tukakaa. Fatma akatoa sambusa na mkate wa kumimina, mie nikamenya machungwa. Joseph, bila ubaya wowote, akanyoosha kikombe na kuomba chai kidogo.

"Ni ya baba," Anna akasema.

Alisema kawaida kabisa, kama vile baba yake anakuja nyuma na fimbo yake, kabaki kidogo kwenye kona. Joseph akarudisha kikombe kwenye begi. Hapo ndo niliogopa, maana nilijua nimekubali kazi nisiyoiweza.

Kando ya bwawa

Upande wa pili wa kilima njia inateremka mpaka kwenye bwawa. Fatma aliliita ziwa siku nzima na mie sikuwa na nguvu ya kubishana. Maji yalikuwa yametulia, na msitu wote umo ndani yake umepinduliwa, kiasi kwamba nilipotupa ganda la chungwa niliona aibu kuvuruga. Kulikuwa na mitumbwi miwili imefungwa na hakuna mwenyewe.

Mtu pekee aliyekuwepo alikuwa mama mmoja kando ya maji, anakaanga mihogo na perege kwenye karai. Tuseme alikuwa anakaanga, kwa sababu tulimkuta kasinzia kwenye kigoda, mwiko mkononi, na mihogo inajikaanga yenyewe. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kufumbua macho, akageuza mihogo. Baadaye tulijua anaitwa Bi Sikudhani, Mzaramo wa hapo hapo. Tulikaa kwenye mabenchi yake, tukala mihogo na kachumbari na pilipili, watu wote wakatulia, na mie mwenyewe nikaanza kusinzia.

Joseph akamwita Anna kwa jina la ukoo, kama tulivyokuwaga tunaitana shuleni. "Maganga, nisogezee chumvi."

Bi Sikudhani akafumbua macho yote mawili. Akauliza nani ameitwa Maganga. Anna akainua mkono. Akaulizwa kama ni Maganga wa Tabora, akasema baba ndiye wa Tabora. Na huyo baba yuko wapi?

"Amefariki. Jumamosi ni arobaini."

Yule mama akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu. "Afadhali," akasema. "Mnyamwezi mmoja akipungua, mihogo ya pwani inapumua."

Nilidhani ni usingizi unanichezea. Akaendelea, sauti inapanda, anauliza kama lilipatikana jeneza la kutosha kichwa kilivyokuwa bapa kwa kubeba mizigo kutoka Tabora, na kama marehemu aliacha chakula chochote ndani au alikimaliza kwanza ndipo akafa. Fatma alikuwa ameshasimama. Akamwambia mama, huyu kafiwa, hujasikia alichosema?

"Nimesikia," Bi Sikudhani akasema. "Ndiyo maana nasema."

Kisha akanyoosha mkono akaichukua chupa. Hivi hivi tu, kutoka kwenye mapaja ya Anna, akasema huu ndio urithi wake. Akafungua, akamimina kwenye kifuniko, akanywa. Akakohoa mpaka macho yakatoa machozi. Akauliza huyu mzee alikuwa anakunywa chai au anaunguza koo.

Anna akasimama. Mie niliangalia maji, nikawaza kina chake, kwa sababu niliona wazi yule mama anasukumwa.

"Kichwa bapa ndicho kilichobeba mizigo," Anna akasema. "Nyie mlikuwa wapi? Mlisikia ngoma mkatupa jembe, mpaka leo mihogo inajilima yenyewe."

Jamani, ilikuwa sauti ya Mzee Maganga. Ile ya ubaoni, ya kuvuta maneno ya mwisho. Bi Sikudhani akapiga makofi kwa furaha, akaikumbatia chupa, akamjibu, Anna akajibu, wakapokezana, na sikuweza kuwafuata. Ghafla Anna akacheka. Akatupa kichwa nyuma akacheka kwa sauti, msitu wote ukaitikia. Joseph ndiye aliyekuwa na simu mkononi, na hiyo ndiyo picha mliyoiona.

Kitu ambacho hamkukiona ni kilichofuata. Kicheko hakikukata, kiligeuka. Akakaa chini kwenye matope na kulia, kilio cha kwikwi chenye jina la baba ndani yake, na Bi Sikudhani akashuka kwenye kigoda akamshika, mafuta ya samaki na yote, akamwacha alie. Nami nililia. Sioni aibu kusema.

Mie mtoto wa Kurasini, utani naujua wa mpira tu. Bi Sikudhani ndiye aliyetueleza, huku anageuza perege, kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu misafara ya zamani. Mtani akifa, mtani mwenzake ana haki ya kuja kumsema, kumwigiza, kupora vitu vyake, na wenye msiba hawaruhusiwi kukasirika, maana ndugu wote wanalia na lazima awepo mmoja wa kuwakumbusha kwamba aliyekufa alikuwa mtu. Akauliza msibani kwetu watani walikuwa akina nani.

Tukatazamana. Joseph akaweka muhogo chini. Akasema kulikuwa na mzee mmoja, alikuja akalala mbele ya gari la maiti, anapiga kelele kwamba marehemu haondoki, mchoyo mkubwa huyu. Yeye Joseph alikuwa kwenye kamati. Walidhani kalewa. Walimbeba wakamtoa nje ya geti.

Bi Sikudhani akaacha kugeuza perege.

"Basi mlimfukia tu," akasema. "Kuzika bado."

Tulipoondoka Anna alinyoosha mkono kudai chupa. Akanyimwa. Bi Sikudhani alisema ataileta mwenyewe Jumamosi, imejaa, na kama Wanyamwezi wanaona wivu wamfuate huku huku. Akaelekezwa nyumba, akarudi kwenye kigoda chake akafumba macho.

Kurudi

Jioni tulirudi wote watatu nyuma kwenye godoro, Fatma peke yake mbele. Katoni hazikuwepo tena, tulikuwa chini kabisa, tunaona mbingu tu, ya rangi ya chungwa kisha ya zambarau. Katikati yetu hakukuwa na kitu cha kuangalia kisipinduke.

Anna alitusimulia habari za Mzee Kibwana. Ndiye huyo aliyetolewa nje, Mzaramo muuza madafu wa mtaani kwao. Tangu Anna ana akili, kila asubuhi Mzee Kibwana alikuwa anasimamisha baiskeli nje ya geti na kumtukana baba yake, baba yake anatoka na kikombe mkononi anamtukana naye, kisha wanakunywa dafu pamoja. Utotoni alidhani ni maadui. Ukubwani hakuwaza tena. Na baada ya msiba baiskeli ile haikuonekana, naye hakujiuliza kwa nini asubuhi zimekuwa kimya namna ile. Aliongea mpaka Mbande, mpaka sauti ikakauka. Joseph alikuwa kageukia pembeni, anaangalia ubao wa gari mpaka tunafika.

Chamazi tena

Katikati ya wiki Joseph aliomba ruhusa kazini, akaenda kumtafuta Mzee Kibwana. Mzee hakutaka kumsikia. Mwishowe akamtoza faini, na Joseph, akiwa na shati lake la benki, alisukuma baiskeli ya madafu mitaa ya Chamazi anatangaza kwa sauti, mzee anatembea nyuma anamkosoa.

Jumamosi, ibada ilipomalizika, tukasikia debe linapigwa nje. Mzee Kibwana ndiye aliyekuwa anapiga. Mbele yake alikuja Bi Sikudhani, kajitwika chupa ya bluu kichwani juu ya kata kubwa, kainama, anahema, anaigiza mpagazi aliyetoka Tabora kwa mguu, na kila baada ya hatua chache anasimama kuuliza wali uko wapi. Wajomba wa Anna waliotoka Tabora walianguka kwenye viti kwa kucheka. Vijana wa kamati walisimama kutaka kumzuia, Joseph akawarudisha kukaa.

Kisha Anna akaitwa kusema neno la familia. Akaenda mbele. Akasimama, na hakusema kitu. Turubai zima likanyamaza, likaendelea kunyamaza, na mama yake akainamisha kichwa.

Bi Sikudhani akainuka, safari hii bila mchezo wowote. Akafungua chupa, akamimina kikombe, akamkabidhi kwa mikono miwili. Anna akaonja. Akakaa nayo mdomoni kidogo, akameza, akamrudishia kikombe.

"Chai haina tangawizi," akasema.

Mama yake ndiye aliyeanza kucheka, tena kwa sauti, tukamfuata wote. Baada ya hapo Anna aliongea mpaka wali ukapoa, na chupa ikawa inazunguka mkono kwa mkono huku anaongea. Ilipofika kwangu nikanywa chai ya Mzee Maganga kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na tangawizi hadi machozi yakanitoka.